Mazoezi na baba

Kesho asubuhi baba anasikilizwa kwa rufaa ya pensheni ya ulemavu. Dosie iko tayari: cheti cha daktari, karatasi za kazi, hata fotokopi ya sheria ya Kongo ya 2022 inayolinda watu wenye ulemavu.

Jioni hii, hapa Katuba, Lubumbashi, nikajifanya mkubwa wa ofisi.

"Baba, mkono unaendeleaje?"
"Muzuri tu, tunashukuru Mungu."

Yaani! Mkono uliokamatwa na mashine mgodini!

"Vifungo vya shati unafunga mwenyewe?"
"Ninafunga."

Mama, anayemfungia kila siku, alitoka nje kucheka.

Baba akanuna. Eti hawezi kulialia mbele ya watu asiowajua.

Mliopita huko, mzee wa namna hii mlimwandaaje? Nijibuni usiku huu!