Kiunzi cha mifupa cha Emergo: kimeanza kutembea

Waya umeshavutwa kutoka kwenye boriti iliyo juu ya kitambaa cha sinema hadi nguzo ya nyuma ya ukumbi, na jana usiku kiunzi kimepita juu ya viti vyote bila kukwama. Nina furaha isiyo kifani.

Kwa wanaoanza kunifuata leo: nataka kuirudisha Emergo, mbinu ambayo mwongozaji wa filamu William Castle aliiweka kwenye majumba ya sinema mwaka 1959 alipotoa House on Haunted Hill. Ni filamu ya bajeti ndogo, nyeusi na nyeupe, ya dakika 75. Tajiri Frederick Loren, yaani Vincent Price, anawaalika watu watano kulala kwenye nyumba yenye mizimu. Atakayefika asubuhi akiwa hai anapata dola 10,000. Kila mgeni anakabidhiwa bastola iliyolazwa ndani ya kijeneza. Hadithi ikifika kileleni, kiunzi cha plastiki kiliachiwa kipite juu ya vichwa vya watazamaji.

Changu kinaning'inia kwenye roda mbili, moja ya shingo na moja ya nyonga, ili kije kifudifudi kikiwatazama watu usoni. Magoti nimeyaacha yalegee. Viungo vyote nimevifunga kwa uzi wa nailoni, maana watoto wa Marekani walikuwa wakikirushia bisi, na sitarajii wa kwetu wawe wapole zaidi.

Kilichonisumbua akili ni mwendo. Nimeirudia mara nyingi ile sehemu ya chini ya nyumba: kiunzi kinaibuka kwenye shimo la tindikali, kinamwendea Annabelle, mke wa Loren, polepole, naye anarudi nyuma hatua kwa hatua hadi anatumbukia mwenyewe. Hakimkimbizi hata kidogo. Kisha Loren anatokea gizani na nyuzi zake mikononi. Tunaona wazi kwamba ndiye aliyekuwa akikichezesha. Naipenda sana filamu hii kwa ujasiri huo. Inakuonyesha kamba, na bado mwili unasisimka, kwa sababu mke ameshakufa.

Kwa hiyo sihangaiki tena kuuficha waya. Nguvu zote nimezielekeza kwenye mkono wa kuzungusha: kamba ya kuvutia sasa inajikunja kwenye kigurudumu chembamba, hivyo kila mzunguko unakisogeza kiunzi kidogo tu. Mbavu nimezipaka nyeupe isiyong'aa; zile rangi za kuwaka gizani hukifanya kionekane kama mdoli wa dukani.

Pembeni mwa kitambaa nitabandika matofali ya karatasi yenye nakshi za Ennis House, jengo la Frank Lloyd Wright huko Los Angeles linaloonekana kwa nje kwenye filamu.

Kazi inayofuata ni breki ya kigurudumu na kamba ya pili ya usalama. Hakuna mtu atakayekaa chini ya waya kabla hivyo viwili havijafungwa.