Tulivyokwenda Kaole kwa miguu na watoto

Kutoka Bagamoyo mjini hadi magofu ya Kaole, mji wa kale wa Waswahili, ni kama kilomita tano kuelekea kusini, na wengi huenda na kurudi kwa bajaji. Mimi nilitaka watoto waingie kwa upande wa mikoko, kwa sababu ukishushwa mlangoni tu, magofu yanakuwa mawe. Ila kitinda mimba wangu ana miaka mitano, na mama mkwe, ambaye hakutaka kusikia habari ya kubaki nyumbani, magoti yanamsumbua.

Kwanza nilipanga kwa kufuata maji. Kuna kijito upande ule ambacho hutiririka masika tu. Mvua zikikatika kinabaki mchanga na vidimbwi, kivuli cha minazi juu, na hakuna bodaboda wa kukukosakosa. Kwenda Aprili na watoto ni kujitafutia balaa, kwa hiyo tulisubiri Julai. Lakini mwisho wake kijito kinaingia kwenye mikoko, na huko mwenye amri ni bahari. Nikamuuliza mzee mmoja mvuvi. "Mwanangu, njoo bamvua," akasema. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pwani yetu maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa alasiri. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Basi tukaanza kutembea saa mbili na nusu.

Mama mkwe alitangulia kwa bajaji na kapu la vitumbua. "Nyie tembeeni, baba. Mtanikuta kivulini."

Kwenye mikoko ndipo tulipochelewa, na sikuwaharakisha. Kaa wadogo wenye gando moja kubwa walikuwa wanapunga kila mmoja mlangoni kwa shimo lake. Mkubwa wangu akagundua kuwa wengine hawana gando hilo, nikamwambia hao ni majike. Mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, imechomoza topeni kama penseli zilizopangwa, nayo ndiyo inayovuta hewa. Ndala ya mdogo ikazama, tukaichimbua kwa mikono. (Vaeni raba kuukuu. Tope la mikoko halina urafiki na ndala.)

Hapohapo nikawaambia kwamba zamani majahazi yalikuwa yanaingia hapa. "Kwenye tope hili?" Ndiyo, kabla halijawa tope. Mchanga ulijaa, mikoko ikaota, vyombo vikashindwa kuingia, na biashara ikahamia Bagamoyo. Hadithi hiyo ukimsimulia mtoto akiwa kwenye kiti cha bajaji, haingii. Akiwa na tope hadi magotini anauliza mwenyewe mji ulikuwa wapi, na unamwonyesha kwa kidole.

Magofu yenyewe ni misikiti miwili na makaburi, na msikiti wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Kilichowashika watoto ni kuta: ukisogeza uso karibu unaona vile vijitundu vya matumbawe, sawasawa na mawe waliyoyaokota ufukweni. Kwenye makaburi ya nguzo kuna sehemu zilizochongwa ambamo zilipachikwa bakuli za Kichina. "Baba, nani kazichukua?" Jibu, angalau nusu yake, liko kwenye makumbusho madogo palepale, ambako vigae na vyombo vimehifadhiwa. Anzeni nje, ndipo muingie humo.

Kwenye kaburi la Sharifa, mwanamke anayeheshimiwa kama mtakatifu, niliwataka wapunguze sauti, maana watu bado wanakwenda kuomba dua. Mama mkwe alikuwa ameshaomba yake, akawa anatungoja chini ya mbuyu. Mwongozaji anasema una zaidi ya miaka 500, na kwamba ukiuzunguka umri unaongezeka. Alizunguka, magoti na yote, huku akicheka.

Kurudi hatukupita kwenye mikoko, kwa kuwa maji yalishaanza kupanda. Dereva wa bajaji nilikuwa nimekubaliana naye bei tangu asubuhi, pamoja na muda wa kusubiri. Mkiacha hilo hadi mchana, jua likiwa kali na watoto wamechoka, bei anaipanga yeye.