Hay tres escalones

Wiki ya tatu hii najifunza Kihispania na mpaka sasa siwezi kuagiza hata chai, ila niulize mlango una upana gani ntakujibu.

Mie nakaa resepsheni kwenye kijihoteli kimoja hapa Mji Mkongwe, zile nyumba za zamani za kuta nene na milango ya kuchonga. Mwezi uliopita mgeni wa Valencia kaleta meseji anauliza kama jengo ni "accesible", nikaweka kwenye simu ikanambia kinachofikika, nikaona aa sie si tunafikika, kutoka Forodhani dakika tano kwa miguu, nikamjibu sí sí karibuni. Kumbe mama yake yuko kwenye kiti cha magurudumu. Walipofika wakakutana na ngazi tatu za mawe halafu kile kizingiti kirefu cha mlango, vijana wa mizigo wakambeba yule mama na kiti chake juu juu kama kabati, naye kakumbatia mkoba wake kanyamaza. Hakuna alonigombeza, na ndo iliniuma zaidi.

Basi nikanunua daftari. Silla de ruedas (hiyo silla unaitamka siya) ndo kiti chenyewe, ascensor lifti, rampa mteremko wa kupandishia. Chumba cha chini naandika planta baja na sithubutu kuandika primer piso (gorofa ya kwanza), maana kwa Mhispania hiyo ni gorofa ya juu yake na kwa mtu wa Kolombia ni hapo hapo chini, ukikosea ushamlaza mtu juu. Na minusválido usiliandike, sikuhizi ni persona con discapacidad, mtu mwenye ulemavu, hata katiba ya Uhispania ilikuwa na neno disminuidos, yaani waliopungua, mpaka 2024 ndo wakalitoa, kama vile na sie tulivyoacha kusema vilema.

Lakini neno nnalolipenda ni hay. Linatamkwa ai, h yake haina kazi. Hay ni kuna, no hay ni hakuna, kwisha. Accesible kila mtu analijaza atakavo lakini hay tres escalones en la entrada utalijaza nini, kuna ngazi tatu mlangoni. Nikaazima futi ya fundi nikapima, ubao mmoja wa mlango ukiwa wazi ni sentimita 58, na miaka yote hii nilikuwa nawaandikia wageni kuhusu nakshi tu. No hay rampa. No hay ascensor. (Na Beit el Ajaib, lile jumba la 1883 hapa hapa Mji Mkongwe, linasifiwa kuwa la mwanzo Afrika Mashariki kuwa na lifti ya umeme, haya.)

Sasa imekuwa maradhi, kila nnapoingia nahesabu ngazi, benki, skuli ya mwanangu, msikitini. Jana nikahesabu za kwetu, nimezipanda tokea mtoto na sijapatapo kujua ni ngapi. Bibi yangu yuko huko juu, magoti hayamtaki, mara ya mwisho kushuka ilikuwa Idi. Akanisikia nanong'ona dieciocho, diecinueve, akauliza unasoma nini wewe mtoto, nikamwambia nahesabu ngazi bibi, kwa Kihispania.

"Ishirini na mbili," akasema. "Ungeniuliza mie."