Chungwa la kumi na tatu

Leo Darajani nimechagua machungwa 14 moja moja, yawe sawa kwa ukubwa, mpaka muuzaji akaniambia, "Dada, haya ya kula, si ya kupima." Mimi niliyataka ya kupima.

Swali lenyewe ni hili: chungwa moja likiwa katikati, mangapi ya ukubwa uleule yanaweza kuligusa kwa pamoja? Sarafu juu ya meza huzungukwa na sita, basi. Kwa tufe, yaani vitu vya mviringo kama chungwa, Isaac Newton na mwanahisabati mwenzake David Gregory walilijadili mwaka 1694. Newton akasema 12. Gregory akaona la 13 huenda likaingia.

Baada ya Magharibi nilitandika mkeka, nikavunja vijiti vya mishikaki, nikaanza kuyachomeka kwenye la kati. Sita kiunoni, matatu juu, matatu chini, kila moja limekalia bonde lake kama kwenye fungu la sokoni. Nikayachomoa, nikayapanga upya: moja utosini, matano chini yake, matano tena, moja kitakoni. Bado 12, lakini sasa hakuna linalomgusa jirani yake! Yote yameligusa la kati tu, na kila upande umebaki mwanya. Maji yananichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mwanangu akalishika la 13: "Mama, si nafasi hii hapa?" Akasukuma huku, kukabana kule. Nikamwacha aendelee, maana hayo ndiyo aliyoyawaza Gregory.

Haliingii. Uthibitisho kamili waliutoa wanahisabati Schütte na van der Waerden mwaka 1953, miaka 259 baadaye. Nafasi ipo kweli, ila imetawanyika, na hata uikusanye vipi haifiki ya chungwa zima. Gregory simlaumu hata kidogo. Mwanya aliouona upo.

Halafu kuna hili linaloninyima usingizi. Anga letu lina vipimo vitatu: urefu, upana na kimo; wanahisabati huhesabu hata yenye vipimo zaidi. Katika anga la vipimo 8 jibu ni 240, na katika vipimo 24 ni 196,560. Yote mawili yalithibitishwa 1979. Huko tufe zimebanana kwa mpango mmoja tu, hazisogei. Vipimo vinne ni 24, kazi ya mwanahisabati Oleg Musin ya 2003. Lakini vipimo vitano tu hapo, jibu halijapatikana: 40 zinaenea, 44 hazivukwi, na katikati pamebaki kiza.

Mwanangu amelala. Chungwa la kati liko mbele yangu na matundu yake 24 ya mipango miwili, na tundu jingine la pembeni, alilolitoboa yeye.