Wimbo Hakuupigia Kura

Tarehe 9 Julai 2011, siku Sudan Kusini ilipojitenga rasmi na Sudan, ilinikuta Juba, mji wake mkuu. Nilikuwa fundi umeme kutoka Mombasa, mwaka wa pili kwenye mjengo wa hoteli. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakuna aliyelala. Ilipotimia saa sita, ngoma, honi na vigelegele vililipuka kila mtaa.

Asubuhi tukajazana kwenye kaburi la John Garang, aliyewaongoza wapiganaji wa kusini. Jua lilichoma, watu wakazimia. Bendera mpya ilipopanda, nyeusi, nyekundu na kijani kama yetu ya Kenya ila ina pembetatu ya buluu na nyota, nilimwona mama anayetuuzia chai kazini amepiga magoti mchangani, analia.

Mama huyo alikulia Khartoum, mtaa wa Haj Yousif, ambako wazazi wake walikimbilia kuepuka vita. Mwaka 2010 alipanda tishari katika bandari ya Kosti, na magodoro na sufuria zake, akakaa siku nyingi juu ya Nile, ili awahi kujiandikisha kwa kura ya maoni ya Januari 2011. Karatasi ya kura ilikuwa na picha mbili: mikono miwili iliyoshikana, maana yake umoja, na mkono mmoja ulioinuliwa, maana yake kujitenga. Aliwahi kunionyesha kidole gumba chake na kuniambia hakusita hata kidogo. Waliochagua mkono mmoja walikuwa asilimia 98.83.

Jioni akafungua banda. Chai yake ilikuwa na tangawizi na karafuu, naye karafuu aliiita gurunful. Sukari kwake ni sukar, sabuni ni sabun. Mimi mtoto wa pwani nilikuwa namwelewa nusu nusu kabla sijajifunza Kiarabu cha Juba, na jambo hilo lilinifanya nijisikie nyumbani kuliko kitu kingine chochote mjini pale.

Akaweka kaseti ya mwimbaji Mohammed Wardi, Mnubi wa kaskazini kabisa ya Sudan, upande wa Misri. Wazee wawili wakaanza kuimba naye, neno kwa neno, macho wamefumba.

Kijana mmoja aliyejitanda bendera mabegani akasimama mbele ya banda. "Mama, zima hiyo. Hao si watu wetu tena."

Alisema kwa Kiarabu. Angesema kwa lugha gani? Yeye, mama na wale wazee kila mmoja alikuwa na lugha yake ya nyumbani. Katiba iliyotiwa saini siku ileile ilikifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi, lakini bandani jioni ile sikusikia hata neno lake moja.

Mama hakupandisha sauti. "Mwanangu, nchi niliipigia kura. Wimbo sikuupigia kura."

Kijana akaenda zake. Simlaumu. Vita vilianza upya mwaka 1983, naye kwa umri wake alizaliwa humo humo, aliyoyaona siyajui. Hata hivyo naamini mpaka leo kwamba mama alikuwa na haki. Alihama nyumba ya aliyemdhulumu, lakini nyimbo alizobembelezea wanawe zilikuwa zake, hakuiba kwa mtu.

Giza lilipoingia akampigia simu dada yake mkubwa, aliyebaki Haj Yousif. Miezi michache baadaye watu kama dada huyo wangehesabiwa wageni katika mji waliozeekea. Nadhani wote wawili walikuwa wamekwisha kulifikiria, maana walizungumza habari za watoto na bei ya mtama tu. Kisha mama akanyamaza, akatoka nje, akainua simu juu kuelekea barabarani kulikokuwa na ngoma. Akaishika hivyo kwa muda mrefu, mpaka mkono ukaanza kutetemeka.

Aliposhusha simu, mimi niliyekaa hatua mbili kutoka kwake nilisikia waziwazi: kule Khartoum, dada mtu alikuwa anapiga vigelegele.