Siku Moja Maishani Mwangu: Kulipaka Rangi Gari Lisilo na Rangi

Saa 11:30 alfajiri. Siku yangu inaanza kwa kunusa. Nasogeza pua karibu na bodi ya gari bila kuigusa. Nikisikia hata chembe ya harufu, rangi bado mbichi na likizo yangu imeenda bure. Leo hainuki. Ile nyeusi ya kung'aa niliyopulizia juzi imekauka ikawa kama kioo, na uso wangu nauona kwenye boneti, mdogo na umepinda. Kazini nimeomba ruhusa ya siku moja. Kwenye nafasi ya sababu nimeandika "shughuli za kifamilia".

Mwanafamilia mwenyewe ni DeLorean DMC-12, lile gari la kusafiria katika wakati kwenye filamu ya Back to the Future ya mwaka 1985. Langu ni modeli ya plastiki ya kipimo cha 1:24, yaani dogo mara 24 kuliko halisi. Gari halisi lina urefu wa karibu mita 4.27. Gawa kwa 24 upate milimita 178, yaani linakaribia kulingana na mkono wangu kuanzia kifundo hadi ncha ya kidole cha kati.

Saa 1 asubuhi. Kompresa inanguruma, dirisha liko wazi, barakoa iko usoni. Hapa ndipo penye kazi. Magari haya yalitoka kiwandani Dunmurry, karibu na Belfast, bila kupakwa rangi. Bodi ilifunikwa kwa bati la chuma kisichoshika kutu, likasuguliwa na kuachwa na mistari yake myembamba. Kwa hiyo natakiwa nipake rangi ambayo mtu akiitazama aape kwamba hakuna rangi. Ukipuliza fedha ya kawaida unapata gari lililopakwa rangi ya fedha, na hilo ni gari jingine kabisa. Nimeona modeli nyingi za DeLorean zenye taa na nyaya za kupendeza, zimeharibiwa na hapo tu.

Nyeusi ya chini ndiyo siri. Chembe za fedha zikitua juu ya kitu laini kama kioo zinalala bapa, na weusi ulio chini yake unaipa rangi kina cha chuma. Nyeusi ikiwa na mikwaruzo kidogo tu, chembe zinasimama huku na huku na rangi inageuka kijivu cha sufuria kuukuu. Napuliza kwa mbali, presha ndogo, ukungu tu, kisha nasubiri. Tabaka la pili, nasubiri. Tabaka nene haliruhusiwi: rangi ya robo milimita kwenye kipimo hiki ni sawa na milimita 6 kwenye gari halisi. Ukipaka hivyo milango inaonekana kama imepigwa plasta.

Mwanangu wa miaka saba ameegemea mlango, mbali kama tulivyokubaliana.

"Baba, si ulisema gari hili halina rangi?"

"Ndiyo, halina."

"Sasa unapaka nini?"

Nilimweleza habari za chembe na mwanga kwa dakika nzima. Akanitazama kama mama yake anavyonitazamaga, akaondoka.

Saa 3 asubuhi. Mistari. Nachukua kipande cha sponji ya msasa laini kuliko ule wa namba 4000, nakiburuta juu ya boneti kwa uzito wa kidole tu, upande mmoja, bila kurudi nyuma. Ukirudi nyuma mistari inapishana na chuma kinageuka nguo. Kila paneli naifuata picha ya gari halisi iliyobandikwa ukutani. Pumzi naibana bila kujua, mpaka kichwa kinapoanza kuwa chepesi ndipo nakumbuka kuvuta hewa. Boneti, paa, ubavu wa kushoto. Saa moja na nusu kwa kitu kinachotosha kiganjani.

Saa 5. Bodi inapumzika kwenye boksi, nahamia dashibodi. DMC-12 zilizouzwa Marekani zilikuwa na spidomita inayoishia maili 85 kwa saa, kwa kuwa sheria ya huko wakati ule iliweka kikomo hicho. Filamu ilihitaji maili 88, mwendo ambao gari linaruka wakati, basi wakaweka spidomita inayofika 95. Kwenye gari langu kipimo hicho hakizidi punje ya dengu. Nimeandika 95. Hakuna macho ya binadamu yatakayoiona 95 hiyo milango ikishafungwa, na sijali. Ninayejua ni mimi.

Saa za tarehe, zinazoonyesha safari ya wakati, zilikuwa rahisi: mstari mwekundu wa unakokwenda, wa kijani wa ulipo, wa njano wa ulikotoka. Vibandiko vitatu vya kulowekwa majini na kibano.

(Maili 88 ni kama kilomita 142 kwa saa. Gawa kwa 24 upate karibu kilomita 6, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Nilimwambia mtoto, naye sasa anapita sebuleni akiharakisha huku akipiga kelele za ngurumo.)

Saa 7 mchana. Nyaya. Hapa ilibidi niamue mapema ni gari la sehemu gani ya filamu, maana lilibadilika. Mwishoni linabeba ile mashine ya kula takataka, na wakati wa radi lina nguzo yenye ndoano. Mimi nataka lile la usiku wa kwanza, kwenye maegesho, linalokunywa plutoniamu. Basi hakuna nguzo. Waya wa shaba wa milimita 0.3 unakuwa bomba la milimita 7.2, wa milimita 1 unakuwa bomba nene la milimita 24. Nazungushia waya juu ya sindano, navuta, nakata. Kazi ya kupumzisha akili.

Saa 9. Akili haikupumzika sana. Kile kisanduku chenye taa tatu za umbo la Y, nyuma ya viti, nimekitilia LED tatu ndogo kuliko punje ya ufuta, kila moja na rezista yake ya kupunguza umeme. Nikafunga pazia, nikawasha. Y ikang'aa vizuri. Ukuta wa nyuma ya viti nao ukang'aa, na sakafu, na nusu ya dashibodi. Kibanda kizima cha abiria kikawaka kama kibuyu chenye mshumaa ndani, kwa sababu plastiki nyembamba inapitisha mwanga na mimi nilisahau kupaka nyeusi upande wa nyuma kabla ya kuunganisha. Kosa la kitoto, na nilishawahi kulifanya. Nikafungua viti kwa ncha ya kisu, nikapaka, nikasubiri ikauke. Saa moja na nusu hiyo imekwenda na maji.

Saa 12 jioni. Mwanga wa dirishani umelala, na huo ndio mwanga wa kuipimia fedha. Natoa bodi kwenye boksi. Sitaki kujisifu, ila ni chuma. Nikiinamisha, mstari wa mwanga unateleza kutoka bampa hadi kioo cha nyuma, na ile mikwaruzo inauvunja kidogo kidogo. Milango nimeipaka mbali na bodi kwa kuwa inafunguka kwenda juu kama mbawa. Nikauchukua wa kulia kuujaribu kwenye nafasi yake. Glovu nilikuwa nimezivua wakati wa kupaka kile kibanda.

Dole gumba. Katikati kabisa, chini ya dirisha, michirizi yote inasomeka. Kwenye kipimo hiki ni jitu la mita 40 lililokuja kufungua mlango.

Wenye magari halisi nao hulalamikia jambo hilihili, bati lile linashika alama za vidole kuliko kioo. Kwa dakika kumi nilijaribu kujishawishi kwamba ni uhalisia.

Saa 2 usiku. Mlango wa kulia uko ndani ya kopo la spiriti, rangi inajimenya. Mtoto amekuja kuchungulia.

"Baba, sasa huu ndio hauna rangi?"

"Huu ndio."

"Mbona mweupe?"

"Ni plastiki. Kalale."

Kesho narudi kazini. Praima, rangi ya kwanza ya chini, naweza kupuliza kabla ya saa 12 asubuhi.