Mwezi Uliobanduka Jaladani

Juzi binti yangu alinijia na jarida la katuni mkononi, kidole chake kikiwa juu ya jalada, pale penye doa jeupe lenye upana wa kidole na urefu wa sentimita 3 hivi.

"Mama, hapa palikuwa na nini?"

Palikuwa na mwezi, nikamwambia. Akauliza nani aliyeufuta. Nikamjibu kwamba haukufutwa, ulibanduka na selotepu. Yeye akaridhika na kwenda zake. Mimi nikabaki nimesimama palepale, siku ile yote imenirudia.

Ilikuwa wiki aliyorudi kaka baada ya kukaa mbali miaka sita. Majarida 640 ya mwanzo yalikuwa yake, mengine hadi kufikia 1,900 niliyaongeza mimi. Alipoondoka aliyaacha yamelazwa, rundo juu ya rundo, kimo cha goti. Jarida la katuni ni nene zaidi upande wa mgongo, penye mkunjo na pini, kwa hiyo rundo likizidi sentimita 15 hivi huanza kuinamia upande mmoja. Ya chini hupinda mgongo, jalada la mbele likarudi nyuma na kurasa za ndani zikaanza kuchungulia pembeni. Na yale aliyoyapenda zaidi alikuwa ameyawekea kipande cha boksi la viatu nyuma ili yasikunjike. Nia yake ilikuwa njema. Lakini kadibodi ya kawaida ina asidi, na asidi huhama kutoka karatasi moja kwenda nyingine zinapogusana. Miaka sita ilitosha kuchora kivuli cha hudhurungi kwenye majalada ya nyuma, chenye umbo lilelile la kipande, hadi kona aliyoikata upande kwa mkasi.

Basi nilitumia likizo nzima kuyapanga kabla hajafika. Nilitaka akute kila toleo mahali pake.

Kazi hii huharibika mwanzoni, mtu anapoanza kuyavalisha majarida mifuko ya plastiki kabla hajapanga. Nilitandika shuka safi sakafuni, nikanawa mikono na kuikausha vizuri, nikagawa kwanza kwa majina ya mifululizo tu, bila kujali namba. Jina kubwa la jaladani mara nyingi hudanganya, kwa sababu hubadilishwa ili kuvutia macho. Jina halisi ni lile la herufi ndogo lililochapwa ndani ya jalada au chini ya ukurasa wa kwanza, pamoja na namba ya toleo. Hapohapo ndipo utakapogundua kwamba mfululizo uliouona mmoja ni miwili au mitatu, kwa sababu wachapishaji hupenda kuanza upya kutoka namba 1. Mimi huandika mwaka wa toleo la kwanza mbele ya jina, na kila mwanzo mpya hupata kigawanyo chake, kadi ndefu ya kuutenga na mwingine. Matoleo maalumu ya mwaka nayaweka mwishoni mwa mfululizo wake. Hadithi inayoruka kutoka mfululizo mmoja hadi mwingine siifuati. Kila toleo linabaki kwao, nami naweka kadi inayosema hadithi inaendelea wapi. Niliwahi kujaribu kupanga kwa mfuatano wa kusoma, na baada ya miezi mitatu sikuweza kupata chochote.

Ndipo namba zikafuata, kisha mifuko, kisha maboksi.

Kaka alipoingia chumbani alizunguka kimya kwanza. Halafu akaanza maswali, nami nilikuwa nimeyasubiri miaka sita.

Kwa nini maboksi mafupi, asiyaone yale marefu ya dukani? Kwa sababu boksi refu la sentimita 70 hivi likijaa hufika kilo 25 au zaidi, na mtu akilibeba vibaya chini hufumuka. Fupi lina karibu nusu ya uzito huo. Likiwa na majarida yaliyovalishwa mifuko, kila moja na kadi ngumu nyuma yake, hubeba kati ya 120 na 150, na mtu mmoja anaweza kulishusha bila kuita msaada.

Kwa nini hayakujaa hadi mwisho? Nikamwambia apenyeze mkono wake kati ya jarida la mwisho na ukuta wa boksi. Kiganja kilichonyooka kiingie bila kulazimishwa, hicho ndicho kipimo changu. Yakibanana sana, kingo za juu huumia kila unapovuta moja. Yakiachiana sana, huegemeana na kupinda kwa chini, na mpindo huo hautoki kirahisi. Boksi ambalo bado halijafikia idadi yake naliziba kwa kadi chache mpaka lisimame vizuri. Na mifululizo inayoendelea kutoka naiweka kwenye maboksi ya mwisho, yenye nafasi ya matoleo 10 au 15, la sivyo kila toleo jipya lingenilazimu kusogeza maboksi yote 16.

Kwa nini yako juu ya rafu, na rafu haikugusa ukuta? Hilo alilijua jibu lake, alitaka tu kunisikia nikilisema. Sakafuni maji huja bila taarifa, na ukuta wa nje hupitisha unyevu. Sentimita 10 kutoka sakafuni, 5 kutoka ukutani, hewa ipite. Kipima unyevu kilikuwa kimening'inia mlangoni, kinasoma asilimia 52. Nilitamani kisome kati ya 40 na 50, nikamwambia hivyo. Kikipita 65 kwa siku kadhaa mfululizo, ukungu hupata nguvu na pini huanza kutu, na kutu ya pini hunywewa na karatasi ikaacha mduara wa rangi ya chungwa usiosafishika. Akauliza kwa nini basi nisiyafungie kwenye madebe ya plastiki yenye mifuniko. Nikamweleza kwamba plastiki iliyofungwa kabisa huzuia unyevu wa nje na kuufungia wa ndani. Vile vipakiti vya silika vinavyonyonya unyevu husaidia ndani ya chombo kilichofungwa tu, na vikishiba lazima vikaushwe upya. Ukivitupa ndani ya boksi la kadibodi lililo wazi, ni kama kujaribu kukausha chumba kizima.

Alikuwa anatikisa kichwa. Namjua kaka, hutikisa kichwa hivyo anapopendezwa.

"Haya," akasema, "nipe lile lenye mwezi. Namba 23."

Kwenye maboksi yangu sikuandika majina, niliandika namba tu upande mfupi unaotazama mbele. Majarida huhamahama, lebo ya jina huzeeka. Kilichomo kiko kwenye jedwali la kompyuta: jina, mwaka wa kuanza, namba ya toleo, boksi, hali, maelezo. Nikatazama. Boksi la 7. Vigawanyo vyangu vimezidi mifuko kwa sentimita 2, kwa hiyo unavisoma bila kuinamisha kitu. Cha tatu, nikahesabu, nikalitoa. Haikufika dakika moja. Nilijivuna, sikatai.

Akalipokea kwa mikono miwili.

Mifuko yangu ilikuwa ya polipropilini, plastiki nyembamba angavu, mipana kuliko jarida kwa nusu sentimita, kama inavyotakiwa. Nyuma ya kila jarida nilikuwa nimeweka kadi isiyo na asidi, upande wake laini ukigusa jarida. Ulimi wa mfuko niliukunja kuelekea nyuma na kuufunga kwa selotepu, kipande kirefu, nimekikandamiza kwa kidole gumba kisiachie. Nilikuwa nimefanya hivyo mara 1,900. Kila mmoja ulikuwa sawa na mwenzake, na kila mmoja ulikuwa na kosa lilelile.

Kaka alibandua selotepu upande wa chini. Ikabaki imeng'ang'ania ulimi wa juu, gundi yake ikitazama ndani. Ulimi ukasimama wima juu ya mdomo wa mfuko. Yeye akashika ukingo wa juu wa jarida kwa vidole viwili, jarida peke yake, kadi akaiacha ndani, akavuta juu. Naiona hadi leo. Jalada linapanda polepole, anga la buluu, paa za nyumba hazijatokea bado, na ule ulimi wa plastiki unaanza kuinama mbele kama jani lililochoka. Nilifungua mdomo. Ulimi ukalala juu ya jalada, palepale penye mwezi.

Akahisi limekwama. Mtu yeyote akihisi kitu kimekwama huvuta zaidi, naye akavuta.

Sauti yake ilikuwa ndogo, ndogo kuliko ya stempu inayobanduliwa kwenye bahasha. "Acha!" yangu ilitoka baada yake. Jalada la karatasi inayong'aa lina tabaka jembamba juu, na wino umekaa kwenye tabaka hilo, haukuzama ndani. Gundi inapoondoka huondoka na vyote viwili. Kwa hiyo mwezi haukufifia wala kuchanika. Ulihama. Ulikuwa mzima, wa manjano, umebandikwa kwenye selotepu, na mahali pake pameachwa weupe wa karatasi tupu.

Kama angesimama alipohisi kukwama, lingepona. Unalirudisha jarida chini kidogo, unaukata ulimi kwa mkasi ukiacha kipande cha selotepu mahali kilipo, halafu unakibandua peke yake polepole sana, ukikikunja kiende sambamba na jalada, si kukivuta kwenda juu. Hayo yote niliyajua. Sikuwa nimemwambia hata moja katika ile nusu saa niliyomweleza unyevu na vigawanyo.

Alilitazama lile doa. Akanitazama mimi.

"Nililinunua nilisome, dada," akasema taratibu, kama anayejiuliza.

Kisha akaketi sakafuni, akaegemea rafu, akalisoma kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Alikuwa ametoka safari, hajanawa mikono. Sikumwambia kitu. Alicheka mara mbili, tena mahali palepale alipokuwa akicheka zamani, nikajua amefika ukurasa upi bila kutazama. Alipomaliza alinirudishia, akasema nimeyatunza vizuri. Alisema kweli, na ndiyo maana iliniuma.

Usiku ule nilishawishika kuurudisha mwezi kwa gundi. Namshukuru Mungu sikufanya. Gundi ya kawaida hugeuka hudhurungi na kupenya upande wa pili, na selotepu juu ya mchaniko hufanya vivyo hivyo, ikaacha doa baya kuliko jeraha. Mafundi wa kuhifadhi karatasi hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, na hata wao jambo hilo hulitangaza, kwa kuwa jarida lililorekebishwa si sawa tena na lisiloguswa. Ile selotepu yenye mwezi niliitia kwenye kibahasha cha poliesta, plastiki inayodumu zaidi, na kuiweka mbali na jalada lolote.

Mifuko mingine ilinichukua majuma sita, 45 kwa jioni moja. Safari hii kila kipande cha selotepu nilikikata kifupi, nikakunja ncha yake milimita 5 iwe kishikio, na atakayefungua aibandue yote kabisa na kuibandika nje, nyuma ya mfuko, kabla hajagusa jarida. Jarida litoke pamoja na kadi yake, daima. Yale yanayosomwa mara kwa mara sikuyawekea selotepu kabisa; ulimi nimeuchomeka ndani, nyuma ya kadi. Vumbi kidogo litaingia, na liingie. Polipropilini yenyewe huchoka, baada ya miaka mitano hadi saba hivi huanza kukunjamana na lazima ibadilishwe, kwa hiyo kazi hii sijaimaliza wala haitamalizika. Poliesta hudumu zaidi sana, lakini kwa majarida 1,900 nimeiweka kwa yale ya zamani tu, yenye karatasi ya gazeti inayogeuka njano hata ukiiwekea nini.

Nimejiuliza mara nyingi kilichoubandua mwezi ule ni mkono wa kaka au selotepu yangu. Siku nyingine nasema kama lingebaki kwenye lile rundo lake, limepinda mgongo, lina kivuli cha boksi la viatu nyuma, mwezi ungekuwepo. Siku nyingine nakumbuka yale ya chini kabisa ya rundo, yaliyokwisha kushikamana kurasa, na nakosa la kusema.

Usiku wa juzi nilipita chumbani kwa binti yangu kuzima taa. Lile jarida lilikuwa kitandani, limelazwa kifudifudi, limeachama katikati, mgongo umebeba uzito wote. Mkono ulinitangulia. Kisha nikaona ameishia ukurasa wa 14, pale panapomchekesha mjomba wake. Nikachomeka kipande cha karatasi safi kati ya kurasa, nikalifunga, nikaliacha mezani kando ya kitanda, bila mfuko.